Kiganja Juu ya Jivu: Tunamkumbuka Bi Mwanakheir Mcha, Mkanza Ngoma

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijaanza: aliye na chungu jikoni akapunguze moto, kisha arudi hapa. Nasubiri.

Haya.

Leo tunamkumbuka Bi Mwanakheir Mcha. Alikuwa muuza makaa katika soko la Mwanakwerekwe, na mkanza ngoma wa kikundi cha kidumbak, ule muziki wetu wa ngoma ndogo na nyimbo za arusini, cha mtaani kwake. Amefariki akiwa na miaka sabini na moja. Keshokutwa ni arubaini yake. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Bi Mwanakheir Mcha, muuza makaa, mkanza ngoma.

Na kama una kijana anayebeba hema kila mwezi wa pili kwenda tamasha la muziki la ufukweni kule Kendwa, mama huyu anakuhusu, hata kama hukupata kumwona. Wangu huenda wawili. Wanarudi wamechoka, wamejaa mchanga, nguo zote chafu. Lakini wanarudi wazima, na katika hilo Bi Mwanakheir ana mkono wake.

Baba yake, Mzee Mcha, alikuwa mpigaji ngoma. Hakujaaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na mabinti wawili, Mwanakheir na mdogo wake Kazija. Kazija alikuwa akikimbia moshi. Mwanakheir alikuwa akiufuata. Akiwa na miaka saba, baba yake akamkalisha mbele ya moto wa makuti makavu na vifuu vya nazi, akamfundisha kukanza.

Kwa wasiojua: ngozi ya ngoma ikipigwa na upepo wa bahari hunyonya unyevu, ikalegea. Ngoma ikawa inalia kama gunia la mpunga. Basi huwashwa moto, ngoma ikaelekezwa uso kwenye joto, ikazungushwa polepole, huku mtu anaigonga kwa kidole. Ukiipeleka karibu sana, ngozi inapasuka. Ukiiweka mbali, utakaa hapo mpaka arusi iishe. Bi Mwanakheir alikuwa akigonga mara moja tu, akasema, "Bado." Akigonga tena, "Bado." Mara ya tatu, "Haya, mchukueni mtoto wenu." Na ngoma inalia hasa.

Kazija, ambaye sasa ana miaka sitini na sita, ameniambia hivi: "Dada alikuwa haimbi, hachezi, hapigi. Lakini bila yeye hakuna aliyeimba, hakuna aliyecheza."

Sasa nasema jambo ambalo familia imeniruhusu kulisema. Bi Mwanakheir alikosea. Alikosea mara moja, na kosa lilikuwa kubwa.

Ilikuwa miaka tisa iliyopita, kwenye tamasha hilo hilo la Kendwa. Kikundi kilipiga jioni, watu wakafurahi, moto ukamaliza kazi yake. Bi Mwanakheir akafanya wanavyofanya watu wengi ufukweni. Akachukua koleo, akayafukia makaa kwa mchanga. Akausawazisha. Mahali pakawa peupe, safi, huoni kitu. Watu wa tamasha wakamsifu kwa usafi.

Wasikilizaji, mchanga hauzimi makaa. Unayafunika. Joto linabaki humo chini kama limewekwa kwenye chupa ya chai.

Asubuhi, saa moja na nusu, akapita Nadra. Nadra ni binti wa Kazija, kwa hiyo Bi Mwanakheir ni mama yake mkubwa. Wakati ule alikuwa na miaka ishirini, mchezaji hodari kuliko wote kikundini. Alikuwa pekupeku. Mguu wake wa kushoto ukazama pale pale.

Nadra mwenyewe amenisimulia. "Nlidhani nimekanyaga chupa. Kisha nikasikia harufu."

Unyayo wote uliungua. Alikaa hospitali wiki mbili, akatembea na magongo miezi miwili. Alirudi kucheza, lakini si kama zamani. Na moto akawa haukaribii. Hata jikoni kwake anapikia umeme.

Bi Mwanakheir angeweza kusema ni wageni waliofukia. Kambi ilikuwa imejaa watu, nani angejua? Hakusema. Alisimama mbele ya hema la huduma ya kwanza, mbele ya wote, akasema, "Nliyafukia mimi. Mie, muuza makaa, nisiyajue makaa!"

Mwaka uliofuata msimamizi wa kambi, kijana mmoja anaitwa Ammar, akapiga marufuku moto wote. Simlaumu. Pale pana mahema mia mbili, na nyuma yake pana uzio wa makuti makavu. Lakini Ammar alikuwa na ufumbuzi wake. Akaja kwa wapiga ngoma na mashine ya kukaushia nywele.

Masoud, kiongozi wa kikundi, akaitazama. "Hii ya nini?"

"Ya kukanzia ngoma."

"Yakhe, ngoma yangu haiendi saluni."

Wakacheka mpaka Ammar naye akacheka. Lakini ngoma hazikulia. Walijaribu nusu saa, waya umevutwa kutoka jikoni, mashine ikapata joto kuliko ngozi, ikazimika. Kikundi kikarudi mjini bila kupiga.

Mwaka wa tatu, Bi Mwanakheir akaenda mwenyewe ofisini kwa Ammar. Masoud alikuwepo, kwa hiyo haya ninayasema kwa ushahidi.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba. Nimekuja kuomba moto."

"Bi, wewe? Baada ya yale?"

"Baada ya yale ndiyo uniulize mie. Asiyepata kuunguza mtu atakwambia moto ni kitu chepesi."

Akampa masharti yake. Moto mmoja tu kambi nzima, upande ambao upepo unapeleka cheche baharini, si kwenye mahema. Duara la mawe. Ndoo sita za maji ya bahari, zimejaa, wala hazichukuliwi kwa kuogea. Hakuna kupika ndani ya hema. Na kati ya hema na hema, hatua nne. Alizipima mwenyewe, kwa miguu yake, na alikuwa mama wa miguu mirefu.

Vijana walimchoka. Wamekwisha kupiga mahema yao, wamepanga magodoro, anakuja mama na kanga kiunoni: "Ng'oa. Sogea kule." Mmoja akamwuliza, "Bi, kwani wewe ni polisi?" Akamjibu, "Polisi angekuja baada. Mie nimekuja kabla. Ng'oa."

Kijana huyo alikuwa wangu. Alinipigia simu kunishitakia. Nikamwambia ang'oe.

Na kuzima je? Kuzima kulikuwa na utaratibu wake. Maji. Koroga. Maji tena. Kisha kiganja juu ya jivu. Kama unaogopa kukiweka, moto haujafa, rudia. Tena hakukubali kiganja chake peke yake. Alisema, "Changu kilishakosea. Nataka na cha mtu mwengine."

Mtu mwengine aliyemtaka alikuwa mmoja. Kila mwaka, moto ukishazimwa, alikuwa akiita kwa sauti, "Nadra! Njoo uweke kiganja!"

Nadra alikuwa akijibu kwa mbali, "Mamkubwa, nnakuamini."

"Sikukuuliza kama unaniamini. Nimekwambia njoo."

Nadra hakwenda. Hawakuwa wamegombana, nataka mjue hilo. Walikula pamoja, walisafiri pamoja, kitanda cha Nadra cha arusi alikinunua Bi Mwanakheir. Lakini kwenye jivu hakwenda. Kila mwaka kiganja kilikuwa cha Masoud.

Sasa nawapeleka miaka minne nyuma. Jumamosi, baada ya sala ya alasiri. Upepo mkali, kila kamba ya hema inalia. Jukwaani wanajaribu vipaza sauti. Bi Mwanakheir yuko kwenye duara lake la mawe, ngoma ya pili mkononi.

Vijana wawili walishindwa kuwasha jiko la gesi nje kwa sababu ya upepo. Wakaliingiza hemani. Walitaka chai tu.

Bi Mwanakheir hakuona moto kwanza. Aliona moshi mweusi. Yeye aliyeishi na moshi wa kuni na makaa maisha yake yote, alijua huo si moshi wake. Akamrushia Masoud ngoma. "Piga! Piga kama umelaaniwa!"

Walikuwa wamekubaliana tangu mwanzo: ngoma moja ikipigwa mfululizo bila mdundo wa kucheza, muziki wote unasimama na kila mtu anatoka hemani. Masoud akapiga. Jukwaani wakanyamaza. Watu wakatoka, wengine na taulo kiunoni. Wale vijana wawili walikuwa wameshatoka kwa magoti, mmoja nywele zimeungua mbele. Ndoo sita zikapita mkono kwa mkono, wa mwisho kumwaga ni Ammar.

Hema liliteketea kabla hujamaliza kusoma Alhamdu. Ndivyo mahema yalivyo, wasikilizaji. Kitambaa kile hakiungui tu, kinayeyuka. Lakini hema la jirani lilikuwa hatua nne. Na la pili, hatua nne. Cheche zikaanguka kwenye mchanga mtupu, zikafa.

Hema moja. Hakuna aliyeumia. Nalirudia: hema moja, hakuna aliyeumia.

Jioni ile yule mwanangu alimfuata Bi Mwanakheir kumshukuru. Bi akamwambia, "Umekuja kunisifu? Chukua ndoo, kajaze, zote sita ziko tupu."

Mwaka huu, mwanzoni mwa mwezi wa kwanza, Bi Mwanakheir aliugua siku tisa. Alifariki nyumbani kwake asubuhi, akazikwa alasiri ile ile. Siku ya tatu ya msiba Kazija alimwambia binti yake, "Dada hakuniachia maneno. Aliuliza tu kama ndoo zimerudishwa."

Tamasha lilikuwa baada ya wiki tatu. Ammar alikuja kutoa pole, akakaa, akanywa kahawa, kisha akasema lililomleta. Mwaka huu hakuna moto. Moto wa Kendwa ulikuwa wa Bi Mwanakheir, na Bi Mwanakheir hayupo. Yeye hawezi kulala usingizi na moto usio na mwenyewe karibu na mahema mia mbili.

Masoud hakubisha. Kukanza anajua, lakini yeye ndiye anayepiga. Hawezi kupiga jukwaani na macho yake yawe kwenye moto. Akasema, "Basi mwaka huu hatuendi."

Nadra alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Akasema, "Nitakaa mimi."

Mama yake akamgeukia. "Wewe? Wewe kibiriti hukishiki."

"Ndiyo. Kwa hiyo moto sitausahau."

Ammar aliniambia jibu hilo ndilo lililomfanya akubali. Na mimi ningekubali.

Wasikilizaji wapendwa, nilikwenda Kendwa mwaka huu, nikamwona kwa macho yangu. Nadra, miaka ishirini na tisa, na kanga kiunoni, anapima hatua. Miguu yake mifupi kuliko ya mama yake mkubwa, kwa hiyo alipima tano. Vijana wakanung'unika. Akawaambia wang'oe. Moto aliuwasha Masoud, maana kibiriti kweli bado hakishiki, lakini akakaa nao toka mwanzo mpaka mwisho, jasho linamtiririka, hageuzi uso. Kikundi kilipiga kabla ya magharibi. Na ngoma zililia, jamani. Zililia.

Watu walipokwenda kusali, Nadra akazima. Maji. Akakoroga kwa fimbo. Maji tena. Akaweka kiganja chake, akakiacha pale. Masoud akainama, kama kila mwaka, aweke chake.

"Ngoja," Nadra akasema.

Akavua ndala ya kushoto. Akaunyanyua ule mguu wenye kovu, akauweka juu ya jivu, katikati ya duara la mawe. Kisha akaegemeza uzito wake wote juu yake.

"Baridi," akasema.

Kazija alikuwa pembeni yangu, anafuta macho kwa ncha ya mtandio, anacheka huku analia. Akaniambia, "Unajua dada angesema nini? Angesema, na miaka yote hii ulikuwa wapi?"

Kwa niaba ya wote wanaoandaa kipindi hiki, tunaipa familia ya Mzee Mcha mkono wa pole. Kwako Bi Kazija, makiwa. Kwako Nadra, kwako Masoud na kikundi chote, makiwa. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Mwanakheir, alipanue kaburi lake, na kila aliyerudi nyumbani mzima kutoka Kendwa iwe ni sadaka yake.

Nasi tuliobaki tujiulize. Tunapenda kusifu wanaokimbilia moto. Anayetusumbua kabla, anayetwambia sogea, ng'oa, jaza ndoo, huyo tunamwita msumbufu. Fikirieni ni nani msumbufu wa nyumbani kwenu, na mara ya mwisho mlimjibu nini.

Na ukienda ufukweni na wanao Jumapili hii, mkachoma samaki wenu, usifukie. Maji, koroga, maji tena, kiganja. Kisha mwite mtu mwengine aweke chake.

Sasa nendeni mkaangalie jiko.