Sindano Isiguse Mkanda

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama chetu cha Madereva wa Matope, ambaye nyumbani ni shemeji yangu na nyumbani huwa ananisikiliza zaidi kidogo, waheshimiwa wajumbe wa kamati, mafundi wetu, ndugu wageni waalikwa, na wewe mume wangu uliyekaa mstari wa mbele ukiniangalia kwa wasiwasi: habari za asubuhi.

Nimepewa dakika tano za kulisifu bagi jipya la chama, gari letu la mbio za matope, kabla ya kukatwa utepe. Basi nalisifu. Ni zuri. Magurudumu manene, rangi imekolea, halina milango wala vioo, na injini yake inanguruma hata mtoto wa jirani anaacha kulia asikilize. Nimemaliza kusifu. Dakika zilizobaki naomba niseme kuhusu mikanda.

Naona Mwenyekiti ameshika kichwa. Shemeji, kishike vizuri, utakihitaji.

Ndugu zangu, mimi ni fundi wa viti. Mwaka wa kumi na tisa huu nashona viti vya magari, na mwezi uliopita kamati ilinipa kazi ya kuchagua mikanda ya usalama ya bagi hili. Sikulala usingizi wa pono. Nilimkalisha binti yangu kwenye kiti, maana ndiye atakayeliendesha leo kwa mara ya kwanza, nikampima akiwa amevaa kofia yake ngumu. Kisha nikaandika ukurasa mmoja kwa mwandiko wa kusomeka. Mikanda ya mabega ifungwe kwenye fremu ya vyuma nyuma ya kiti, usawa wa mabega, isifungwe sakafuni, kwa sababu ikitokea sakafuni gari likijigonga inamkandamiza mtu uti wa mgongo. Mkanda wa kiuno ukae kwenye mifupa ya nyonga, usikae tumboni. Ukihesabu miwili ya mabega na miwili ya nyonga, uwepo na ule wa tano, unaopita katikati ya miguu, ili mtu asiteleze kwenda chini. Someni lebo, mikanda nayo huzeeka. Na mwisho nikaandika kwa herufi kubwa: SINDANO ISIGUSE MKANDA.

Kamati ilikaa vikao vitatu. Kikao cha kwanza kilijadili rangi. Cha pili kilijadili rangi. Katika cha tatu mjumbe mmoja, simtaji ila amevaa tai ya njano, alisema mkanda wa katikati ya miguu unabana na mwanamume hawezi kukaa nao. Baba, unapinduka kwenye korongo na unachowazia ni kubanwa? Watu wakacheka, chai ikaletwa, kikao kikafungwa.

Kisha nikasafiri kumuuguza dada yangu. Nimerudi jana jioni, nikapitia karakana hata begi sijalishusha. Nimekuta nini? Mikanda miwili mipya, myekundu, na juu ya kila mkanda wa bega jina limetariziwa kwa uzi wa dhahabu! Upande wa dereva SISIMIZI, ambalo ndilo jina mlilompa binti yangu hapa chamani. Upande wa pili MWENYEKITI.

Nikampigia shemeji. Akanijibu, "Shemeji, huo ni utamaduni wa chama, dereva lazima akae na jina lake begani. Acha sherehe ipite, tutaangalia." Nikamwambia kuna hatari. Akasema maneno ambayo nikiyasikia tena nitapiga kelele: "Ajali haina kinga."

Haina kinga? Basi kofia tunavaa za nini? Fremu ile tumeichomelea ya nini, ya kuanikia nguo?

Lakini leo sitamlaumu shemeji peke yake. Niliandika sindano isiguse mkanda. Sikuandika kwa nini. Na sababu ya kutoandika ni aibu yangu mwenyewe. Naomba mnivumilie.

Wote mnamjua mume wangu, Tingatinga. Wote mnakumbuka ile ajali ya miaka minne iliyopita, kona ya tatu, mwendo wa kawaida kabisa. Bagi lililala ubavu, likajigeuza mara moja, likatulia. Msaidizi wake alitoka akijikung'uta vumbi. Yeye alitoka na bega ambalo halijapona hadi leo. Ripoti ya chama iliandikwa mstari mmoja, na mnaujua mstari wenyewe.

Hiki hapa nilichoshika ni kipande cha mkanda wake. Kwa miaka minne kimekaa kwenye droo yangu, chini ya bobini za nyuzi. Mgeni Rasmi, kipokee, mpitishie na mwenzako. Mnaona kilipokatika? Hakikukatika kwenye bolti, wala kwenye kifungo. Kimekatika juu ya jina, katikati ya N na G, kimechanika kwenye vitundu vya sindano kama stempu inavyochanika. Tingatinga, herufi kumi. Jina refu, vitundu vingi. Mkanda ule ulikuwa mzima, wa kubeba uzito wa mtu na nusu ya gari, mpaka mtu mmoja alipouweka chini ya cherehani akautoboa toboa ili upendeze.

Mtu huyo ni mimi.

Nilimshonea kama zawadi. Wakati ule sikujua, nilijua viti tu. Nilijua nilipokishika kipande hiki hospitalini. Nikamwambia mume wangu wiki ileile, nikilia. Unajua alinijibu nini? "Mama Sisimizi, tusiwaambie watu, watakusema." Akanisitiri. Na mimi nikakubali kusitiriwa, nyie mkaendelea kutarizi, bagi baada ya bagi, mkiuita utamaduni. Utamaduni huo niliuanzisha mimi, kwa mkono huu, na nimeuchoka kuliko ninavyoweza kusema.

Mnamwona leo amependeza. Shati hilo lina vifungo saba. Nimevifunga mimi asubuhi, kama ninavyovifunga kila asubuhi, kwa sababu mkono wake haufiki shingoni. Nikifika kifungo cha juu huwa anatazama dari. Miaka minne anatazama dari, na hajawahi kunilaumu hata siku moja, na ndiyo maana inaniuma.

Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sisi tumeupita huo mkakasi, maana wenyewe haukuwahi kumpeleka mtu kwenye korongo.

Sasa nifike mwisho, maana mshereheshaji ananionyesha saa. Mgeni Rasmi, kwenye sinia lile lenye kitambaa cheupe kuna mkasi wa kukatia utepe. Ukiushika ukauona butu, usilaumu duka. Saa moja asubuhi niliutumia. Mikanda yote miwili nimeikata vipande, SISIMIZI na MWENYEKITI, vimo kwenye ndoo nyuma ya jukwaa. Bagi halitatoka sasa hivi.

Tulieni, tulieni! Mikanda mingine ipo kwenye boksi ndani ya gari langu. Haina jina, haina dhahabu, ina sehemu tano, na fundi wetu Nati ameniahidi ataifunga kwenye fremu, usawa wa mabega, kufikia saa nane mchana. Wenye kutaka majina, leteni kofia. Kofia nitaziandika kwa rangi, bure, hata majina ya wakwe zenu.

Sisimizi mwanangu, nakuona pale umekunja mikono. Uliniambia jana, "Mama, usiniaibishe mbele za watu." Nimekuaibisha. Nuna, una haki. Nuna hadi saa nane, kisha upande bagi lako, ufunge mkanda mtupu, uende mbio upendavyo. Jioni urudi nyumbani ukiwa umeninunia vilevile, na mabega mawili, na shati lako ulifunge vifungo mwenyewe.

Kwa kunisikiliza, ingawa nimechelewa miaka minne kusema, nawashukuruni nyote.