Kibabi Yaomba Picha Ipite

Mgeni rasmi, Papa Pierre Niyonsenga, mkuu wa ufundi wa kampuni inayotuletea mtandao katika milima hii. Viongozi wetu wa kanisa na wa kijiji. Ndugu zetu wa Lushebere na wa Omate mnaotusikiliza kwa mbali. Mabibi na mabwana:

KARIBU KIBABI

Sisi wanachama wa Tuonane, wakulima wa maharagwe na mihogo, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua kwamba wakati huu umeketi katika ofisi ya shule, ng'ambo ya kijito, pamoja na fundi wetu Sylvain. Mbele yako, kwenye simu yako na laini yako mwenyewe, iko miraba myeusi, na sauti ya katibu wetu Noëlla inatoka katika mmojawapo. Tafadhali usiitikise simu. Haina kosa.

Bila shaka unajiuliza ni watu gani hawa wanaomwita mgeni kutoka Goma kisha wanamweka mbali na kwaya na sahani. Vumilia kidogo, Papa. Chakula chako kimefunikwa na mpishi wetu Mama Fifi anakilinda.

TULIKOTOKA

Barabara tusiisimulie, umeipita leo na matope bado yako kwenye suruali yako. Watoto wetu walikwenda Omate kuchimba madini, jamaa zetu wengine wakahamia kambi ya wakimbizi ya Lushebere, na kuonana kukawa kazi kubwa. Ndipo Sylvain, aliyesoma informatique, mambo ya kompyuta, akatushauri tuwe na serveri yetu wenyewe ya mikutano ya video. Tumeiweka katika depo, ghala letu la maharagwe. Inakula umeme wa jua, ina kitambaa chake cha kuzuia vumbi, na imeombewa kuliko wagonjwa wengi wa kijiji hiki.

TULIYOFANIKIWA

Hapa tunaomba usicheke kwa sauti, maana sauti yako inatufikia.

Kwetu, mtu anayekuita akiwa nje bila kuingia kukupa mkono huonekana ana kiburi. Kwa hiyo siku ya majaribio kila mwenye simu aliingia depo, akasalimia wote, akatafutiwa nafasi kwenye benchi, ndipo akawasha video. Tulionana vizuri ajabu! Tulikaa bega kwa bega, kila mmoja akimpungia jirani yake. Mzee wetu Papa Sebahire alitokwa na machozi alipomwona mke wake kwenye ekra ya simu, naye mke ameketi kulia kwake. Tukapiga vigelegele na kutangaza kanisani kwamba kazi imekwisha.

Jumapili iliyofuata tukawaita wa Omate. Sauti zikaja, picha zikakataa. Tukafuta kamera kwa kitenge. Tukafungua madirisha. Papa Sebahire akaamuru watu wote wa Omate wanawe uso. Wakanawa, maji tukayasikia, na giza likabaki palepale.

Aliyetuokoa ni Mama Fifi, na aliyemsukuma ni hasira. Alikuwa amegombana na mwenyekiti wetu, Mama Bibiche, kuhusu maharagwe yaliyopakuliwa kabla ya kuiva, akaapa hatakanyaga depo tena. Siku ya mkutano akajiunga kutoka jikoni kwake, kwa mtandao wa kampuni yenu. Naye akawa mraba mweusi, huku matusi yake yakitufikia bila kukatika hata moja. Sylvain akaruka kutoka kwenye benchi: "Fifi iko hapa tu, nyuma ya ukuta, na haionekane! Njo kusema shida haiko Omate!"

Kumbe tulikuwa tumeujaribu mtandao ndani ya chumba kimoja, simu zikiongea na serveri moja kwa moja bila kupita kwenu. Sylvain anaeleza kwamba sauti ina milango yake na picha ina milango yake, na mlinzi wa mtandao wenu, yule mnayemwita pare-feu, ameifungua ile ya sauti peke yake. Tuliwaandikia. Mkatujibu kwa upole kwamba mmejaribu ofisini kwenu na kila kitu kinatembea. Tunawaelewa sana, Papa. Na sisi tulisema hivyohivyo tulipokuwa kwenye benchi. Ndiyo maana leo tumekuweka ng'ambo ya kijito.

MAMA GODELIEVE

Katika mstari wa mbele hapa ukumbini ameketi Mama Godelieve Mukandori. Mwanawe, Élie, yuko Omate. Msimu wa mvua uliopita shimo moja lilibomoka kule. Élie alipiga simu akasema, "Niko muzima kabisa, mama." Mama Godelieve aliweka simu chini, akaendelea kupukuchua maharagwe, huku akilirudiarudia neno moja. "Nani alimuuliza kuhusu kabisa?" akatuambia.

Tangu hapo anamsikiliza kwa makini. Zamani Élie alikuwa hawezi kuongea bila kuzunguka. Ungesikia mlango, kuku, watu anaowapita. Sasa sauti yake inatoka mahali pamoja. Mwenzake aliporudi kutoka Omate, mama alimuuliza habari za Élie, naye akaanza kusimulia habari za mvua. Na wengine wanapolalamika kwamba hawaonekani, Élie peke yake halalamiki. "Hakuna shida, mama, sauti inatosha," anasema.

Mama Godelieve halali vizuri. Hajui kama giza lile ni la mtandao au ni la mwanawe. Maadamu miraba yote ni myeusi, hana namna ya kujua, na Élie analijua hilo.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi uvunje ukuta wenu wala umfukuze mlinzi. Tunaomba umwamuru afungue milango ya picha kwa serveri ya Kibabi tu. Sylvain, aliye kando yako, anaijua mmoja mmoja. Ordinateri yako, kompyuta ya kazi, umekuja nayo, na ufunguo uko mikononi mwako. Ombi hili linaweza kujibiwa kabla hatujanyamaza.

Élie yuko nasi sasa hivi. Ule mraba mweusi ulio chini ya ule wenye jina lako ni wake, na risala hii ameisikia yote. Mama yake ametuomba tukusomee maneno yake kama alivyoyasema:

"Papa, miye siombe muguu. Kama iko, Mungu asifiwe. Kama haiko, niko na mikono ya kumulimia. Naomba tu nimuone."

Mungu akulinde njiani, Papa Pierre, aibariki kazi ya mikono yako, na watu wa nyumba yako wakuone ukirudi. Ni sisi watu wako, Chama Tuonane cha Kibabi.

Sasa fungua. Nawe Élie, mama anasema usizime kamera. Sogeza kiti nyuma, akuone hadi chini.