Kiwanja cha Bondeni

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, fundi mwashi mwenye saruji kwenye kucha alimwuliza binti aliyekaa karibu naye anasoma nini. "Jiografia, baba. Nikifaulu, mwakani naingia chuo kikuu." Fundi akabetua midomo. "Yaani unashinda darasani kukariri mito? Mto mtu anauona kwa macho." Nilidhani binti atanuna, kumbe alimwuliza tu anajenga wapi. Fundi akataja bonde lililo nyuma ya kiwanda cha matofali, anakojijengea nyumba yake mwenyewe.

Binti alikunjua ramani, akaweka kidole. "Mistari hii inaonyesha miinuko. Maji ya kilima chote yanateremkia hapa."

"Pamekauka miaka sita."

"Mkondo uko palepale, baba. Ni mvua kubwa tu haijanyesha."

"Vitabu vinawatia kiburi. Mnataka kuijua ardhi kuliko sisi tunaoichimba." Alisema hivyo, lakini ramani alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

Basi likasimama kituoni kwake. Aliirudisha, akainuka. "Wanangu wamehamia kwenye nyumba hiyo juzi, hata kabla sijaimaliza," alimwambia binti kwa dharau ileile, akashuka bila kuaga.