Mwalimu Osing, Aliyewaita Watu Kupiga Kura

Baba Padre, ndugu waombolezaji, walimu wenza wa marehemu, majirani wa San Alipio, na ninyi mliotelemka kutoka Tagbakan tangu alfajiri, mimi ni Teodulfo Dalumpines, mdogo wa marehemu, familia imeniomba nisome historia yake, nami naomba mnivumilie nitakapokwama, maana mahali pengine historia hii ni yangu pia na si nzuri.

Marehemu Eufrosina Dalumpines Magbanua, ambaye wengi mlimwita Mwalimu Osing, alizaliwa tarehe 11 Februari 1948 hapa San Alipio, mkoani Antique, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano wa mzee Policarpo, mkulima wa mpunga, na mama Restituta, msuka mikeka. Alimaliza shule ya msingi hapa mwaka 1961, akasoma sekondari kwa kuuza mayai asubuhi kabla ya kuingia darasani, akahitimu ualimu mjini San Jose mwezi Machi 1969, na Juni mwaka huohuo akaanza kufundisha katika shule yetu, ambako hakuhama mpaka alipostaafu mwaka 2008.

Tarehe 20 Mei 1972 alifunga ndoa na Crisanto Magbanua, fundi seremala, mtu aliyeweza kupima ubao kwa jicho lakini aliyeishia darasa la pili, wakajaliwa mtoto mmoja, Melinda, muuguzi huko Riyadh, ambaye yuko nasi leo.

Chama mnachokijua kilizaliwa ndani ya ndoa hiyo. Enzi zile karatasi ya kura ilikuwa na mistari mitupu, mpiga kura akiandika majina ya wagombea kwa mkono wake, na shemeji Crisanto kila siku ya uchaguzi alikuwa akilala kitandani akisema mgongo unamuuma, mpaka mapema mwaka 1992 dada alipomuuliza mbele yangu, "Hivi mgongo wako huu, Santo, unaujuaje uchaguzi?" na shemeji akainama akajibu, "Nitaandika nini mbele ya watoto niliowachongea madawati?" Dada hakucheka. Alimkalisha kwenye meza ya jikoni, akamfundisha kwa majuma sita, na kwa kuwa hakutaka kuonekana anampendelea mtu, alimpa majina ya samaki na matunda ayaandike badala ya majina ya wagombea, majirani wakasikia, nao wakaanza kuja, kwanza watatu, kisha kumi na mmoja. Tarehe 11 Mei 1992 shemeji alikaa kituoni zaidi ya saa nzima, akatoka na wino kidoleni na jasho mgongoni. Marehemu mzee Gorgonio, mmoja wa wale kumi na mmoja, yeye aliandika "Papai" kwenye nafasi ya meya, na alipochekwa akasema, "Mnacheka nini, papai hajawahi kunidanganya."

Hivyo ndivyo kilivyoanza Chama cha Wapiga Kura cha San Alipio, chenye fulana za kahawia, kwa sababu rangi nyingine zote nzuri zilishachukuliwa na wagombea. Hawakumnadi mtu. Walipita nyumba kwa nyumba wakiwakumbusha watu kujiandikisha, waliwasindikiza wazee, waliwaeleza vijana kwamba mchele wa mgombea wanaweza kuula lakini kura ni yao, na karatasi zilipobadilika mwaka 2010, zikawa za kujaza viduara, walianza upya kufundisha watu walewale.

Sasa nafika mahali pangu. Tarehe 10 Mei 2004 niligombea udiwani. Nilimfuata dada nikamwambia, "Sikuombi unipigie kampeni, niombee tu kwa hao watu wako wa fulana, wanakusikiliza." Akanijibu, "Dulfo, wananisikiliza kwa sababu sijawahi kuwaomba." Wiki ya mwisho akapita na bajaji mbele ya nyumba yangu, akitangaza kwa kipaza sauti kwamba kila mtu ampigie anayemtaka, na mke wangu akafunga madirisha. Nilishindwa kwa kura kumi na tisa. Kwa miaka mitatu sikumsalimu, tulisalimiana tena mwaka 2007 kwenye mazishi ya Crisanto, na sijui kama hata siku hiyo nilikuwa nimemsamehe.

Kazi iliyomchosha kuliko zote ni ya Tagbakan, kule juu, mwendo wa saa nne kwa miguu. Aliandika barua kwa miaka miwili akiomba waandikishaji wapande mlimani, na tarehe 17 Oktoba 2015 wakapanda kweli, wakaandikisha watu mia moja arobaini na watatu kwa siku moja, dada akiwashikia mwavuli juu ya mashine ya alama za vidole. Desemba kimbunga kikachukua daraja lao la kamba juu ya mto. Aliomba lijengwe, akaambiwa lipo kwenye mpango, na nadhani bado lipo kwenye mpango. Siku ya uchaguzi, tarehe 9 Mei 2016, mvua ilikuwa imenyesha milimani, mto ukajaa, watu wa Tagbakan wakasimama ng'ambo ile na vitambulisho vyao ndani ya mifuko ya nailoni, na dada ng'ambo hii na kipaza sauti. Wanaume tisa walivuka kwa kamba. Wa kumi alikuwa mama mwenye mtoto mgongoni, amekwisha kuingia maji ya kiunoni, na dada yangu, aliyekuwa amewaita watu wale kwa miaka miwili, akapaza sauti, "Rudini. Rudini nyumbani. Hakuna kura yenye thamani ya mtoto huyo." Walimtii. Alibaki pale mpaka vituo vilipofungwa saa kumi na moja jioni, labda maji yangepungua, nayo hayakupungua.

Tarehe 3 Februari 2022 marehemu alipatwa na kiharusi, akapooza upande wa kushoto na kupoteza kauli, nami nikahamia kwake, kwa kuwa Melinda alikuwa Riyadh na mimi nilikuwa nimeshafiwa na mke. Asubuhi ya tarehe 9 Mei 2022, siku ya uchaguzi, alininyooshea kidole cha shahada, tena na tena. Nilidhani kinamuuma. Nikakichua kwa mafuta ya nazi, akatokwa na machozi, nami nikachua zaidi.

Tarehe 30 Oktoba 2023, uchaguzi wa mtaa, alinyoosha tena, na safari hii nilielewa kwamba anadai wino wa kura. Lakini jua lilikuwa kali, ngazi za shule ni nyingi, nami nilikuwa nimechoka, nikamwambia, "Kura yako moja itabadilisha nini, Dada?" Mnajua ni watu wangapi waliwahi kumwambia neno hilo mlangoni mwao, na mnajua hakuna aliyekosa jibu kutoka kwake. Mimi nilimwambia wakati hawezi kujibu.

Mwaka huu, tarehe 12 Mei, nilisema basi, nikambeba. Wenzake wa fulana za kahawia walishika kiti, tukampandisha ngazi. Msimamizi, mwanafunzi wake wa zamani, alipitia daftari mara tatu, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, jina lako halipo. Asiyepiga kura mara mbili mfululizo huondolewa." Nilitaka kugombana, nikaanza kupiga meza, dada akanivuta shati kwa mkono wake mzima, kwa sababu sheria ile yeye mwenyewe aliifundisha katika kila jiko la mji huu. Kisha akaninyooshea mimi kidole, na baada yangu akakielekeza kwenye sanduku. Alitaka angalau mimi nipige. Nilipiga magoti mbele ya kiti chake, mstari mzima ukitusikia, nikamwambia, "Na langu halipo, Dada. Tangu mwaka 2004 sijapiga." Alinitazama kwa muda mrefu. Sijui alikuwa akisema nini, na hakuna njia ya kujua sasa.

Tarehe 1 Juni alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa, na tarehe 4 Juni 2025, saa tisa alasiri, akaaga dunia, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, ameacha mtoto mmoja, wajukuu wawili, na mdogo wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuletea uji wa mchele siku zote tatu za msiba, Baba Padre, walimu wenzake, wanachama kumi na wawili wa fulana za kahawia, na watu wa Tagbakan, ambao leo pia wamevuka mto kwa kamba. Nimeuliza ofisi ya uchaguzi lini uandikishaji utafunguliwa nirudishe jina langu daftarini, wakasema tarehe bado haijatangazwa. Kwa hiyo hata ahadi sina ya kukupa, Dada Osing. Nenda upumzike kwa amani.