Mama Randa na Mashine za Baba

Marehemu mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Randa, alizaliwa tarehe 9 Juni 1952, mtoto wa pekee wa fundi seremala. Babu alikuwa ameomba mtoto wa kiume. Alipopata binti, alimpa nyundo vilevile.

Alisoma hadi darasa la saba. Mara nyingi alitolewa nje ya darasa kwa kuacha hesabu na kukaza dawati lililokuwa likicheza. Alipohitimu, shule ilipoteza mwanafunzi na fundi kwa mpigo mmoja.

Mwaka 1970 alirithi karakana ya Babu nyuma ya soko, pamoja na randa, patasi na misumeno yake. Aliyeazima kifaa aliacha rehani kiatu cha kushoto, hata awe nani. Mwenyekiti wa mtaa aliwahi kuhutubia mkutano akiwa na kiatu kimoja, na hotuba ilikuwa fupi kuliko zote.

Tarehe 14 Agosti 1976 aliolewa na fundi umeme, yaani baba yetu, ambaye alimletea keekee ya umeme ya kutobolea mbao kama zawadi ya harusi. Mama alishukuru, akaitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Baba alisema mashine humaliza kazi mara moja. Mama alijibu kwamba hata makosa huyamaliza mara moja. Mjadala huo ulitulea sisi sote.

Mwaka jana moyo wake ulianza kusumbua, mikono ikakosa nguvu. Kwa mapenzi, Baba alinunua kabati la kioo ili vifaa vyake vikae sebuleni, wageni wavione. Jambo hilo lilimuumiza Mama kuliko ugonjwa. Alimwita Baba kitandani.

"Mume wangu, usinifanyie hivyo. Randa isiyogusa ubao ni chuma tu. Wagawie watakaovitumia, na wewe ubaki na kimoja."

Baba alisema hajui kuvitumia.

"Utajifunza. Umri unao," Mama alimjibu mzee wake wa miaka sabini na sita.

Alifariki tarehe 2 mwezi huu, hospitalini, Baba akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja na wajukuu saba. Misumeno na patasi tumeshagawana, na zinafanya kazi. Kabati la kioo lina sahani.

Baba alibaki na randa. Kifuniko cha jeneza hili amekipiga randa mwenyewe, ingawa mashine zake zilikuwa hapohapo. Kina mabonde, na Mama angekirudia chote.

Safari hii, Mama, kiache hivyohivyo, upumzike.