Ukuta Uliotoa Kitambi

Benchi liko nje ya kibanda cha kinyozi, mguu mmoja umetiwa kipande cha tofali lisiyumbe, na kahawa ya hapo ni chungu kiasi cha kumfanya mtu aseme ambayo hakupanga kusema. Wenyewe ni wanne. Kuna Karani, aliyestaafu kazi lakini hakustaafu kusahihisha watu. Kuna Dereva, ambaye lori lake limekufa mwaka wa tatu huu na bado anatembea na ufunguo. Kuna Kinyozi mwenyewe, anayenyoa na kubishana kwa wakati mmoja, na wateja wamezoea. Na kuna Timazi, fundi mwashi, aliyepewa jina hilo la kamba ya kupimia wima kwa sababu hata picha ikitundikwa ukutani kwa mtu lazima aipime. Asubuhi hiyo Timazi alifika hajanyoa, akapokea kikombe, akasema bila kusalimia:

— Ukuta wa mama mkwe umetoa kitambi.

Wote waliujua ukuta huo. Uwanja wa mama mkwe una mteremko, na mama alitaka baraza la nje la kukaa na wageni. Mashemeji walitaka iitwe kampuni. Mama akasema mkwe wangu yupo, na mke wa Timazi akawaambia kaka zake maneno ambayo mtu hamwambii kaka yake. Timazi akajenga ukuta wa kuzuia udongo, wenye kimo cha kiuno, akajaza kifusi, akashindilia, kisha juu yake akapanga vitofali kwa duara. Siku ya duara mtaa mzima ulisimama kumtazama akizungusha kamba kwenye kigingi. Ikanyesha siku mbili. Sasa upande wa chini ukuta umevimba, vitofali vimezama, naye amefunika kila kitu kwa turubai na kumwambia mama saruji inakauka. Mashemeji wanakuja Jumamosi kukagua.

— Umevimba kiasi gani? aliuliza Karani.

— Mkono wangu unaingia kati ya kamba na ukuta.

— Basi tatizo ni duara, Karani alisema. Mraba una kona nne za kujishikia. Duara linajishikia wapi? Hilo si kosa lako, ni kosa la umbo.

Timazi alilipokea hilo haraka, kama mtu aliyepewa mwavuli.

— Umbo wapi! alisema Dereva. Malori. Yale ya mchanga yanapita pale yamezidisha mzigo, ardhi inatetemeka mpaka vikombe vinacheza kabatini. Mimi nimeendesha miaka ishirini na sita. Nimetikisa nyumba za watu, Mungu anisamehe.

— Barabara iko mbali na kwa mama, Kinyozi alisema kutoka ndani, mashine ikinguruma kichwani kwa mteja. Hao ni fuko. Tena si mmoja, ukoo mzima, na babu yao. Wanasukuma udongo kwa pua.

— Fuko gani wa kusukuma tani tatu?

— Wakiwa na nia?

Mteja alicheka, akaambiwa atulie asije akakatwa sikio.

— Tulieni niwaambie, alisema Karani, ambaye hapendi kupitwa. Dunia inazunguka. Sawa? Sasa wewe umeweka duara juu ya kitu kinachozunguka. Duara nalo linataka kuzunguka. Ukuta unalizuia. Hapo lazima mmoja aumie.

— Mimi nasema ni mashemeji, Kinyozi alitoa kichwa mlangoni. Walitaka kampuni, hawakupata. Wanakuja usiku, watu wanne, wanaegemea ukuta wako kwa zamu.

Nadharia hiyo Timazi aliipenda kuliko zote. Alitazama nyuso za rafiki zake mmoja mmoja, akaona hakuna hata mmoja anayeamini anachosema, na kwamba wote wanasema kwa sababu yake. Akawapenda sana. Lakini alikuwa anajua jambo moja ambalo kinywa kilikataa kulitoa.

— Kwa hiyo si kosa langu?

— Kosa lako wapi! walijibu kwa pamoja.

Hapo mama mkwe akatokea kwenye kona. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu la kifusi. Wote walisimama, shikamoo zikagongana, naye akaziitikia zote kwa marahaba moja. Timazi aliinamisha macho.

— Kaeni, baba zangu. Nina swali dogo tu, na hapa ndipo penye wataalamu. Mvua ikinyesha, maji yanapita katikati ya vitofali, yanaingia kwenye udongo nyuma ya ukuta. Yakishafika humo, yanatokea wapi?

Karani alitazama kikombe chake. Dereva alitazama barabara. Kinyozi alisema, "Maji, mama, kwa kawaida..." akaishia hapo, akazima mashine.

Akilini Timazi aliyaona mabomba sita mafupi ya kutolea maji ukutani, aliyoyakata kwa mkono wake, yameegemea ukuta wa jiko nyumbani kwake. Siku ya kuyaweka ndiyo siku watu walipoanza kujaa kutazama, naye akakimbilia juu kwenye duara.

— Hayana pa kutokea, mama, alisema. Nilisahau mabomba. Ni kosa langu.

— Nilifunua turubai juzi, mwanangu. Nilikuwa nangoja uje uniambie. Ukuta utabomolewa, utajengwa tena, mimi nitakaa ndani siku mbili tatu, sitakufa. Lakini binti yangu jana ameshinda kwenye simu akigombana na kaka zake, anawaapia hakuna fundi kama wewe. Yeye anajua?



Timazi aliweka kikombe chini, kahawa ikiwa nzima, akaomba ruhusa kwa mama na kushika njia ya nyumbani. Alikuwa ameshafika kwenye nguzo ya umeme Dereva alipopaza sauti:

— Timazi! Ukishamwambia, uje uchukue koleo langu. Au nalileta mwenyewe!

Hakugeuka. Alikuwa anajaribu sentensi ya kwanza ya kumwambia mkewe, midomo ikitikisika, na kila aliyoijaribu ilianza na mvua.