Vigingi vya Mtaro wa Gudele

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi ya ushuhuda. Nitasimama hapa hapa karibu na mlango, msidhani nataka kukimbia. Mnanijua kama mwenye kinu cha kusaga unga pale Gudele. Jambo moja hamlijui, na nimelibeba tangu kabla ya vita.

Mimi ni mtu wa kushuku. Nilizaliwa hivyo kule Kitale. Hata chai ya mwenyeji wangu, nasubiri aionje yeye kwanza. Nilileta kinu changu Juba kwa lori, mwaka ule wa uhuru, watu wakicheza barabarani na bendera mpya, na mimi nikiwa juu ya mizigo nikijiuliza ni nani kati yao ataniibia mkanda wa mashine. Mke wangu alicheka mpaka Nimule, mji wa mpakani, ukabaki mbali nyuma yetu.

Sasa, ninyi wenyewe mnajua mambo ya kiwanja hapa. Ukiona alama nyekundu ya kubomoa kwenye ukuta wako, anza kufunga virago. Basi siku moja kamati ya mtaa ikaja na vigingi. Walisema wanataka mtaro wa mawe wa kushusha maji ya mvua hadi kwenye khor, kile kijito kinachojaa masika. Kila nyumba ilete mawe na mtu wa kufanya kazi. Na kigingi cha nne, cha tano na cha sita vikapigiliwa mbele ya kinu changu, pale wateja wanapokaa na madebe yao.

Nikaona njama. Wakaniambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Nikasema moyoni, ukuta wa nani, juu ya kiwanja cha nani? Leo mtaro, kesho ua, keshokutwa niambiwe nirudi kwetu. Halafu nikapiga hesabu yangu ya kijinga: mvua kubwa hapa ni siku chache kwa mwaka. Nizike mawe ardhini, nipoteze baraza langu, kwa ajili ya siku chache?

Jumapili moja, ninyi mkiwa humu ndani mnaimba, nasikia hata ngoma, mimi nikatoka kinuni na kung'oa vile vigingi vitatu. Nikavisogeza upande wa jirani yangu, mama mmoja mjane anayeuza karanga. Nikanawa mikono nikaja ibadani. Nilifika wakati wa sadaka.

Fundi aliyepewa kazi alikuwa mwenyeji wa hapa aliyekulia ukimbizini Uganda. Alisimama akautazama mstari uliopinda, akanitazama na mimi, akaniuliza kama vigingi viko sawa. Nikamwambia mambo ya vigingi siyajui. Alichimba kama alivyokuta.

Mvua ya kwanza kubwa, maji yalifika kwenye ile kona yakaruka nje, yakaingia kwa yule mama. Magunia yake yote ya karanga yaliloa na kuota kuvu. Watu wakasema fundi amekula rushwa akapindisha mtaro. Nawaambia ukweli, nilikuwepo pale nimekunja mikono, na nilitikisa kichwa kama mtu aliyesikitika. Fundi hakujitetea. Alirudi na mawe yake mwenyewe, akaichimba kona ile mpaka ikamfika kifuani, akaijengea kingo imara.

Maji hayakuruka tena. Kiangazi kikaja, hakuna tone la mvua, na bado mtaro ukawa unafanya kazi. Boda boda zikaanza kufika mpaka mlangoni kwangu maana matope yalikwisha. Akina mama wakaweka meza za mboga juu ya mifuniko ya zege iliyowekwa hapa na pale. Watoto wakapunguza kuharisha. Wateja wangu wakaongezeka, na mimi? Nikashuku. Nikasema kikulacho ki nguoni mwako, hii neema lazima ina mwenyewe.

Ndipo Desemba ikafika, ile ya vita. Jumatatu asubuhi tuliamkia milio ya bunduki, na risasi zikawa zinapita kwenye mabati kama ni karatasi. Mimi na mke wangu tulikuwa tumelala chini nyuma ya mashine. Nikamsikia fundi akiniita kutoka mtaroni, tushuke haraka. Ndugu zangu, siku zile watu walikuwa wakiitwa nje na hawarudi. Nikamwambia mke wangu tusiende. Amejua ni mimi, nikasema, anataka kulipiza kisasi.

Mke wangu alinishika shati akanivuta.

Tuliangukia kwenye ile kona. Ilikuwa kavu, na humo nilimkuta yule mama wa karanga na watoto wake, wamejilaza kifudifudi. Fundi alitulaza karibu na ukuta wa mawe. Niliogopa kumtazama, lakini yeye akanong'ona:

"Mzee, mimi nilijua zamani. Ile vigingi ilikuwa na unga."

Unga! Mikono yangu, jamani. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza watu walipomtukana.

"Mimi pia nilikaa kwa watu miaka mingi," akasema. "Mgeni akiona kigingi, anaona anafukuzwa."

Nililia mle chini, sikuona haya. Tulikaa humo mpaka jioni, na tulitoka wote tukiwa hai.

Fundi siku hizi analima Rejaf, nje ya mji. Amekuja leo kwa sababu nilimwomba, yuko kiti cha nyuma. Fundi, asante. Na wewe mama, karanga zako niliziharibu mimi. Umekuwa ukinisalimia kila asubuhi, na kila asubuhi nimeona aibu. Nisamehe.

Nasikia minong'ono kuhusu mtaro wa pili, kwamba mvua ni siku chache, kwamba kuna mtu anataka viwanja. Hesabu hiyo naijua, niliipiga mimi. Nilisahau kuhesabu siku nyingine zote.

Mtaro huo unapita katikati ya baraza langu. Jana nilivipigilia vigingi vyake mimi mwenyewe, fundi akishika kamba. Kama mnanishuku, na mna haki, mkitoka hapa nendeni mkavikague. Vina unga, lakini vimenyooka.